Injini ya Kuzunguka kwa Pumzi

Mkono wangu ndio ulioijua kwanza. Nilikuwa nimekwenda kununua chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani hapa Kashikishi, kwa mwanamke wa Kibemba mwenye ghala karibu na bandari. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani. Mchuuzi mmoja alitaka kupita, nikajisogeza nyuma, nikaweka kiganja juu ya turubai bila kuangalia. Chini ya turubai kulikuwa na chuma baridi, kirefu, kilichonyooka, chenye mgongo wa pembe tatu. Nikapitisha vidole mbele na nyuma. Moyo ulinienda mbio kabla kichwa hakijapata jina la kitu chenyewe.

“Mama, iki kintu kiko chini ya mifuko ni nini?” nikamwuliza mwenye ghala.

“Iyo? Mashini ya bwana yangu. Haifanye kazi. Inakula nafasi tu.”

Nikainua turubai. Ilikuwa mashine ya kukereza chuma, ile ambayo kwetu Katanga tuliiita turu. Ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, rangi imebanduka, mavi ya panya kwenye sinia la chini. Lakini reli zake mbili zilikuwa zimepakwa grisi, na grisi haikuwa ya zamani. Mtu alikuwa akija kuipaka. Hilo lilinishangaza kuliko mashine yenyewe.

Nieleze kwamba wakati huo nilikuwa muuza vitumbua. Nilikuwa na mwaka wa tisa upande huu wa ziwa, na kila asubuhi nilikaanga vitumbua vyangu penye mitumbwi nikawauzia wavuvi na wachuuzi. Kabla ya vita nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja katika karakana ya mgodi ng'ambo, mwanamke pekee kwenye mstari wa mashine kumi na nne. Nilikereza shafti, bushi, vali, chochote kilicho duara. Nilipowaambia watu wa hapa walicheka kwa adabu, kama wanavyocheka mtu anayedai babu yake alikuwa chifu. Mwishowe niliacha kusema. Kilichonitesa si kicheko chao. Nilikuwa sijui tena kama ni kweli. Mikono iliyokaa miaka tisa kwenye unga na mafuta bado ni mikono ya fundi? Hilo ndilo swali lililonirudisha ghalani kesho yake, wala sikuhitaji chisense.

Mwenye mashine nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Alikuwa mzee wa Kibemba aliyefanya kazi maisha yake yote katika karakana za migodi ya Copperbelt, akarudi kwao na mashine hiyo kama kiinua mgongo chake. Miaka miwili kabla alikuwa amepooza upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala mapajani, wa kushoto ulikuwa na grisi mbichi vidoleni, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Macho hayakulegea hata kidogo.

“Mwashibukeni mukwai, Batata,” nikamsalimu kwa heshima ya hapa; Batata ni baba.

“Ni weye unafunua mashini ya watu?” Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, alichojifunza kwa wenye boti waliomletea shafti zilizopinda.

“Ni miye. Nilikuwa turneri, Batata. Miaka kumi na moja, ku atelye ya mugodi.”

“Karatasi iko wapi?”

“Iliungua na nyumba.”

“Kila mutu wa Kongo, karatasi yake iliungua,” akasema. Nikamwambia karatasi haikerezi chuma, na kama haniamini aniwashie mashine. Mkewe alisimama nyuma yangu na gunia kichwani akacheka kwa sauti. Mzee hakucheka. Alinitazama viganja, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema bandarini: lori la vyuma chakavu lingekuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na mashine ingepakiwa. Mkewe alihitaji nafasi, yeye hakuwa na mkono, na mafundi wawili waliojaribu kuitumia karibu wangeivunja.

“Kama weye ni fundi, utengeneze injini ya mvuke,” akasema. “Kidogo, inakaa ku mukono. Kwetu ku mine, ku mugodi, hii njo ilikuwa mutihani. Kila kazi iko mule ndani. Ikizunguka kwa pumzi ya mudomo, mashini haiende, inakuwa mu mikono yako. Isipozunguka, lori inabeba.”

“Kwa pumzi ya nani?”

“Ya miye.”

Nilijikuta nautazama mdomo wake, na aliniona nikiutazama.

Kwetu pia tulikuwa na mtihani kama huo. Tuliuita piesi ya kujaribu, yaani kifaa cha mtihani, na bila hiyo hukuitwa fundi hata ukizeekea kwenye mashine. Lakini sisi tulitengeneza kufuli. Injini ya mvuke sikuwahi kuitengeneza, na ningedanganya nikisema niliogopa tu. Nilitaka sana kujua inavyofanya kazi. Mzee alinichorea kwa mkono wa kushoto kwenye karatasi ya unga, mistari ikitetemeka. Silinda haikai tuli. Imefungwa kwa pini moja katikati, na pistoni inapokwenda na kurudi, silinda yote inayumba kushoto na kulia. Ikiyumba huku, tundu lake dogo linakutana na tundu la mvuke kwenye ubao wa chuma, mvuke unaingia na kusukuma. Ikiyumba kule, linakutana na tundu la kutokea, mvuke unatoka. Hakuna vali. Kuyumba kwenyewe ndiko kunafungua na kufunga. Nilikaa na ule mchoro, nikitikisa kidole kushoto na kulia, mpaka vitumbua vya kesho yake vikaungua nikiwaza tundu.

Alinipa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kipande cha bronzi, kilichokuwa bushi ya shafti ya boti. “Moja tu,” akasema. “Ukiharibu, imeisha.” Cha pili alikitoa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka: pistoni ya chuma, fupi kuliko kidole gumba, yenye mifereji miwili ya mafuta. Aliikereza mwenyewe akiwa kijana, mwaka wa pili wa kujifunza kazi. Kipenyo chake nusu inchi kamili. Silinda yangu ilipaswa kuikubali pistoni ile. Sikuruhusiwa kutengeneza nyingine.

Hapo utaona mtego ulipo. Mimi nimefundishwa kwa milimita. Nawaza kwa milimita, nanunua kitambaa kwa macho ya milimita. Mashine yake ilikuwa ya inchi mwanzo mpaka mwisho. Kwenye mkono wa kusogezea kisu cha kukatia chuma kuna duara lenye mistari, nayo inakuambia umesogea kiasi gani. Kwetu, kila mstari ulipunguza au kupanua kipenyo kwa sehemu mbili za mia za milimita. Kwenye mashine hii mstari mmoja ulikuwa sehemu moja ya elfu ya inchi kwa upande, na kwa kuwa chuma kinazunguka unakata pande zote mbili. Nilipiga hesabu kwenye simu: karibu mara mbili na nusu ya mstari wa kwetu. Nikaandika hesabu hiyo kwenye kiganja kwa kalamu kila siku kabla ya kuanza.

Tuliiwasha kwa injini ya dizeli ya chigayo cha kusagia mihogo, kwa mkanda uliopita dirishani. Siku ya kwanza nilipobonyeza kisu kwenye chuma, na machicha ya kwanza ya chuma yakatoka yakijikunja, nilipiga kelele mpaka wauza samaki wa jirani wakaja kuchungulia. Mzee hakuingia. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, mgongo kwetu, akitazama barabara. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa anasikiliza. Kisu kikianza kulia kwa sababu nimekifunga juu mno, alisema neno moja bila kugeuka, “Chini,” na alikuwa sahihi. Nilimkasirikia kila mara, kisha nikakishusha.

Gurudumu zito la injini, la kuzungushwa na pistoni, nililitoa kwenye puli ya chuma cha kalibu iliyopasuka, nikakata upande uliopasuka na kubaki na duara la upana wa kitumbua kikubwa. Shafti ndogo ilitoka kwenye shokomzoba ya pikipiki, chuma kigumu kilichokula visu vyangu viwili. Ubao wa kusimamishia ulikuwa alumini. Nilifurahia kila kipande zaidi ya kilichotangulia. Saa za mchana zilikuwa zangu baada ya kuuza vitumbua, na nilirudi nyumbani nikiwa na machicha ya chuma kwenye nywele. Dada yangu niliyeishi naye alisema ninanuka kama gereji. Nilimwambia asante.

Silinda niliiacha mwisho. Nilichimba tundu la pistoni, kwanza dogo, kisha nikalipanua polepole kwa kisu cha ndani, nikipima, nikisoma kiganja, nikisogeza mistari mitatu, nikipima tena. Bronzi ilikatika vizuri, machicha mafupi ya dhahabu yakidondoka. Ilibaki sehemu mbili za kumi za milimita kufikia nusu inchi. Mpito mmoja wa mwisho. Dizeli ilikuwa inakwenda bila kukohoa, siku hiyo nilikuwa na raha, na naona hata nilikuwa naimba.

Mkono ukahesabu mistari kumi.

Kwetu, kumi ndiyo ilikuwa sawasawa: sehemu mbili za mia mara kumi. Nilikuwa nimeifanya mara elfu. Mkono haukusoma kiganja, haukuniuliza. Ulikwenda kumi kwa hesabu ya nyumbani, nami nikashusha wenzo, kisu kikaingia, na nikasikia sauti nene kidogo kuliko nilivyotarajia. Nilizima. Nilitia ile pistoni ya mzee ndani ya tundu, ikapita na kuanguka kwenye sinia upande wa pili, ting.

Ilitakiwa mistari minne.

Nilikaa chini kwenye machicha. Nililia kwa hasira, hasira ya kutaka nijipige. Kosa hilo asingelifanya asiyejua kazi, kwa kuwa yeye angesoma kiganja kwanza. Wala asingelifanya fundi wa hapa. Lilikuwa kosa la mtu aliyekuwa fundi kweli, mahali pengine. Lakini nani angenielewa?

Mzee hakuwepo. Mkewe alikuwa amempeleka kliniki kupima presha. Kama angekuwa mlangoni, angesikia ile sauti nene. Nadhani ningemwambia palepale. Lakini kiti kilikuwa kitupu, na kichwa changu kikaanza kunong'ona.

Kwa fundi wa kwetu, tundu lililozidi si msiba. Unatia shemisi, yaani bomba jembamba ndani ya silinda, kama zilivyo injini za malori yote. Nilikuwa na mabaki ya bronzi ileile. Nilipanua silinda zaidi ili shemisi ipate pa kukaa, nikakereza shemisi, nje yake kubwa kuliko tundu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nikaipasha silinda kwenye mbaula yangu ya vitumbua, jiko la mkaa, ikavimba, shemisi ikaingia kwa kidole. Ilipopoa zilishikana. Kisha nikapanua ndani kwa mistari minne, mmoja mmoja, nikisema namba kwa sauti. Nikasawazisha uso wa mbele, nikausugua kwa dawa ya meno hadi mpaka kati ya vipande viwili ukatoweka. Niliutafuta kwa ukucha nikaukosa.

Ile shemisi ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuweza kumwonyesha mtu.

Pistoni sasa ilikubali, lakini si mara moja. Nilipoitia nikitoka kuishika kiganjani, iligoma. Nikashangaa, nikapima, vipimo vilikuwa sawa. Nikaiacha juu ya jiwe kivulini ipoe, nikajaribu tena, ikaingia. Joto la kiganja tu lilikuwa limeinenepesha. Nikaziba chini ya silinda kwa kidole, nikaiachilia, ikashuka polepole, ikielea juu ya hewa iliyokosa pa kutokea. Nilifanya hivyo mara ishirini. Hata leo sijachoka kuutazama mchezo huo.

Nikaunganisha vyote. Springi ya kubana silinda kwenye ubao ilitoka kwenye kalamu ya wino. Nilipuliza kwa mpira mwembamba wa baiskeli, ikakataa. Nikalegeza springi, ikazunguka nusu na kusimama. Nikalegeza tena, hewa ikavuja kila upande. Nilicheza na nati ile siku mbili nzima, robo huku, robo kule, mpaka Jumatano ikazunguka kwa pumzi yangu, tak-tak-tak-tak, gurudumu likawa ukungu. Lakini mapafu yangu ni ya mtu anayepuliza mkaa kila siku.

Alhamisi mzee aliingia ndani kwa mara ya kwanza, akiburuta mguu. Mkewe alimwekea kiti mbele ya meza. Niliiweka injini mbele yake. Hakuigusa.

“Ku mine,” akasema, “mukubwa wa mutihani, mbele ya kupima, alikuwa anauliza kila mutu neno moja. Na miye nakuuliza. Mama Kongo, iko neno ya kuniambia juu ya hii kazi?”

Kwetu hawakuuliza hivyo. Kwetu mtahini alikuwa adui, kazi yake kutafuta na yako kunyamaza. Nilitazama mashine. Nilifikiria lori.

“Hapana, Batata,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua mpira, akauweka upande mzima wa mdomo, na kwa mkono wa kushoto akabana upande uliolegea ili pumzi isivuje. Akapuliza. Kitu hakikutikisika. Akavuta pumzi, mabega yakapanda, akapuliza tena. Gurudumu likasogea, likasita, nami nikawa nimeuma kidole. Kisha likavuka. Tak. Tak. Tak-tak-tak. Ilizunguka kwa pumzi ile ya nusu mdomo, pistoni yake ya ujana ikienda na kurudi ndani ya silinda yangu, na mzee akaendelea kupuliza mpaka machozi yakamtoka na mkewe akamwambia aache, atakufa.

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akatoa mfukoni ufunguo wa taya zinazoshika chuma kwenye mashine, ule ambao fundi hamwachii mtu, akaniwekea kiganjani. Kisha akamgeukia mkewe.

“Nilisikiliza kila siku,” akamwambia. “Huyu mwanamuke hakuharibu hata mara moja.”

Kama angesema jambo lingine lolote, nadhani ningenyamaza mpaka leo. Lakini alisema hilo, na ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wake.

“Batata,” nikasema, “mule ndani kuko shemisi. Niliharibu. Siku mulienda kliniki.”

Akauinua mkono wa kushoto, akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwangu, bila haraka, akaurudisha mfukoni.

“Lakini inazunguka!” mkewe akasema. Ajabu, ndiye aliyekuwa akitaka nafasi ya magunia. “Inazunguka, bwana. Unataka nini tena?”

“Shemisi iko muzuri,” mzee akamjibu, bila kunitazama. “Shemisi si makosa. Nilimuuliza. Akasema hapana.”

Akainuka, akaburuta mguu wake mpaka kwenye kiti cha mlangoni, akanipa mgongo.

Asubuhi ya Ijumaa sikukaanga vitumbua. Niliichukua injini ambayo alikuwa ameiacha mezani, nikaifungua nati moja moja. Nikaipasha silinda kwenye mbaula, nikaiweka juu ya bomba, nikagonga kwa boliti mpaka shemisi ikatoka. Ilinikata moyo kuiharibu. Sikufanya hivyo ili anihurumie, nieleweke. Kama mashine ingepakiwa, nilitaka angalau kitu kimoja kiwe wazi juu yangu kabla haijaondoka. Nikachukua karatasi ya daftari nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ili aweze kusoma:

NILITAKA KUPANUA TUNDU. NIKAHESABU MISTARI KUMI KAMA KWETU. HAPA ILIKUWA INE. TUNDU IKAZIDI SEHEMU KUMI NA MBILI ZA ELFU ZA INCHI. NIKATIA SHEMISI, NIKAFICHA. NIKAULIZWA, NIKASEMA HAPANA.

Nikaweka sahihi yangu chini. Lori lilikuwa limeshafika. Vijana wanne walikuwa wakipakia injini za boti zilizokufa na mabati yenye kutu, na mmoja alikuwa tayari anapitisha mnyororo chini ya mashine. Nilimpita. Nilimwekea mzee mapajani karatasi, silinda na shemisi, nikasimama mbele yake.

Alivaa miwani. Alisoma huku midomo ikitikisika, akafika mwisho, akaanza tena juu. Akaitia shemisi kwenye kidole chake kidogo, akaizungusha, akaiinua kwenye mwanga.

“Mistari ngapi ilikuwa sawa?” akauliza.

“Ine.”

“Sasa mukono yako inajua?”

Nilitaka kusema ndiyo. Niliutazama mkono.

“Mukono haijue bado, Batata. Itasahau tena. Karatasi njo inajua.”

Akampigia kelele yule kijana wa mnyororo kwa Kibemba, maneno mengi ambayo sikuyapata yote, lakini kijana aliutoa mnyororo upesi. Mzee akamwambia mkewe alete msumari. Mkewe akaleta msumari na jiwe la kupondea, na kwa kuwa mzee hakuweza, yeye ndiye aliyeigongomea karatasi ukutani, juu kidogo ya lile duara lenye mistari, pale ambapo kila anayesimama kwenye mashine lazima aisome.

“Inakaa pale,” mzee akasema. “Na kila mutu analeta kazi, anasoma kwanza.”

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nilimwambia hakuna mtu atakayemwachia kazi fundi aliyebandika makosa yake ukutani. Lori likaondoka na vyuma vingine.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja mwenye boti wa ng'ambo, mtu wa kutoka upande wa Kongo, amebeba shafti ya propela begani. Ilikuwa imeliwa pale inapopita kwenye bushi. Boti lake lilikuwa ufukweni na mzigo, na bila shafti hakuwa na njia ya kurudi kwao. Alikuwa amesikia kwamba mashine inafanya kazi. Akamtafuta fundi kwa macho, akaniruka mimi, akamwangalia mzee.

“Soma kwanza,” mzee akamwambia, akionyesha ukuta.

Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, bila kuruka neno. Alipofika kwenye “nikasema hapana,” alisimama. Nilitazama chini. Nilisikia mawimbi na mtu akigombea bei ya samaki nje.

“Ni nani huyu?” akauliza.

“Ni miye,” nikasema.

Alinitazama, mtu ambaye maisha yake yangekuwa juu ya shafti ile katikati ya ziwa. Akasoma tena, kimya safari hii. Kisha akaishusha shafti begani, akaja mpaka nilipo, akaniwekea mikononi.

“Bon,” akasema. “Weye ukikosea, utaniambia.”

Ilikuwa nzito, na mikono yangu iliijua. Machozi yakaanza kunitoka mbele yao wote, sikuweza kuyazuia wala kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na shafti. Mzee alipapasa mfukoni, akautoa ule ufunguo, akaukita kwenye taya za mashine kwa mkono wa kushoto.

“Mama Kongo,” akasema, “lilia kule inje. Maji inaleta kutu ku mashini.”